Kibali Kilichosahauliwa

Kila ndege inapogonga gari wakati wa kutua, swali la kwanza redioni na vijiweni huwa lile lile: gari liliingiaje pale? Ndani ya swali hilo kuna tuhuma, kana kwamba dereva alikata uzio usiku akajipenyeza. Ukizisoma ripoti za wachunguzi moja baada ya nyingine, utakuta jibu linalosumbua zaidi. Mara nyingi gari liliingia kwa ruhusa. Dereva aliomba, akajibiwa, akaenda kufanya kazi aliyotumwa, na dakika chache baadaye mnara uleule uliomruhusu ukaikaribisha ndege.

Nalikazania jambo hili kwa sababu ndilo linaloamua fedha na akili zetu tuzielekeze wapi. Tukiamini kwamba adui ni mvamizi, tutajenga uzio mrefu zaidi na kuongeza walinzi getini. Tukikubali kwamba hatari kubwa ni mtu aliyekaribishwa kisha akasahauliwa, tutauliza mengine kabisa: kibali kile kiliandikwa wapi, nani mwingine alikiona, na ni kitu gani kingepiga kelele baada ya mtu mmoja kupitiwa.

Magari hayawezi kuondolewa kwenye njia ya kurukia. Tarehe 25 Julai 2000 ndege ya Concorde ya Air France ilipokuwa ikikimbia kuruka kutoka Paris ilikanyaga kipande cha chuma kilichodondoshwa na ndege iliyotangulia. Tairi lilipasuka, tangi la mafuta likatoboka, moto ukawaka, na watu 113 wakafa, wanne kati yao wakiwa ardhini, kwenye hoteli ndege ilipoangukia. Kipande chembamba kiasi hicho hakionekani kutoka mnarani. Lazima mtu apite na gari, ashuke, aokote. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinataka viwanja vya ndege kubwa vikaguliwe angalau mara mbili kwa siku. Mafundi umeme nao lazima wabadilishe taa zilizoungua. Kwenye nchi za baridi lazima theluji izolewe. Na siku ya dharura zimamoto hawana njia nyingine ya kufika.

Uwanja wenye njia mbili au tatu unaweza kufunga moja na kuwaachia mafundi. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, una njia moja. Kilimanjaro una njia moja. Zanzibar una njia moja. Kwenye viwanja vya namna hii ukaguzi hufanyika katikati ya ndege moja na nyingine, katika mwanya ambao mnara unaupima kwa dakika. Hakuna uzembe wowote katika hilo, ndivyo kazi ilivyo. Lakini maana yake ni kwamba kila siku, mara kadhaa, gari lenye kibali liko mahali ambapo baada ya muda mfupi patakuwa na ndege yenye kibali, na kinachozitenganisha ni kumbukumbu ya binadamu.

Tufanye hesabu ndogo. Njia ya kurukia ya uwanja mkubwa ina upana wa mita 45 au 60, lakini gari linalotaka kuivuka husimama kwenye alama iliyoko takriban mita 90 kutoka mstari wa kati, na halijatoka hatarini mpaka lipite alama ya upande wa pili. Hizo ni mita 180. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa zinachukua sekunde 16. Ndege ya abiria ya ukubwa wa kati inagusa lami ikiwa kwenye kasi ya karibu kilomita 250 kwa saa, yaani mita 70 kila sekunde. Katika sekunde hizo 16 itakuwa imekula zaidi ya kilomita moja. Rubani akiliona gari wakati magurudumu yameshagusa chini, tayari amechelewa: kusimama kunahitaji urefu ambao hana, na kupaa tena kunahitaji muda ambao injini hazimpi papo hapo.

Kuliona nako si rahisi. Usiku njia ya kurukia ina mamia ya taa nyeupe, nyekundu, za kijani na za manjano. Taa ndogo ya manjano inayomwekamweka juu ya pikapu ni moja kati ya hizo zote. Macho ya rubani katika nusu dakika ya mwisho yamefungwa kwenye sehemu anayotaka kugusia na kwenye vipimo vya kasi. Kukitanda ukungu, anaona lami kwa mara ya kwanza akiwa chini ya mita 60 kutoka ardhini. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba rubani angepaswa kutazama, namjibu kwamba kinga iliyowekwa kwenye macho ya rubani peke yake ni kinga ambayo haipo.

Ajali iliyofundisha haya kwa ukatili kuliko zote ilitokea Omsk, Siberia, alfajiri ya tarehe 11 Oktoba 1984. Mvua nyepesi ilikuwa imelowesha lami. Wafanyakazi wa uwanja waliomba kuikausha. Mashine zao zilikuwa malori yaliyofungwa injini za jeti zinazopuliza hewa ya moto, na malori hayo yalibeba tani kadhaa za mafuta kwa ajili ya injini hizo. Mwongoza ndege aliyesimamia shughuli za ardhini, kijana wa miaka 23 mwenye watoto wawili wadogo nyumbani, ambaye kwa siku kadhaa hakuwa amepata usingizi wa maana, aliwaruhusu. Utaratibu ulimtaka awashe taa ya onyo ya kuwajulisha wenzake kwamba njia ina watu. Hakuiwasha. Kisha usingizi ukamchukua.

Ndege aina ya Tu-154 ya Aeroflot ilikuwa inakuja kutoka Krasnodar ikiwa na watu 179. Mwongoza ndege aliyeipokea hakuona onyo lolote mbele yake. Ubao wake ulimwambia njia iko wazi, naye akairuhusu itue. Juu ya malori taa za tahadhari zilikuwa zimezimwa. Ndege ikayagonga yakiwa yamejaa mafuta. Walikufa watu 174 waliokuwa ndani pamoja na wafanyakazi wanne waliokuwa ardhini. Wafanyakazi wanne wa ndege waliokuwa mbele kabisa walinusurika, na abiria mmoja. Mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo ndani ya ardhi ya Urusi, na kwa miaka mingi serikali ya Kisovieti na warithi wake hawakuizungumza hadharani.

Msimulizi wa haraka atasema kijana alilala, basi. Mimi nasema tuhesabu vitu vilivyotakiwa kuamka kijana alipolala. Taa ya onyo ilitegemea yeye aikumbuke. Mwenzake alitegemea taa hiyo. Marubani walimtegemea mwenzake. Madereva wa malori walikuwa na redio, lakini hakuna aliyewaambia kwamba ndege inakuja, wala hawakuwa wakifuatilia mazungumzo ya ndege na mnara. Ukifuata kila uzi unaishia mahali pamoja: kichwani mwa mtu mmoja aliyechoka. Aliyepanga zamu za usiku bila kujali usingizi wa vijana wake hakuwepo mnarani alfajiri ile, na aliyesanifu mfumo ambao ukimya wa mtu mmoja unasomeka kama "njia iko wazi" hakuwepo pia. Kijana alihukumiwa kifungo cha miaka 15, na akajiua gerezani.

Hapo ndipo kiini cha tatizo kilipo, na watu wa reli walikigundua mapema kuliko watu wa anga. Mwaka 1874, karibu na Norwich nchini Uingereza, treni mbili ziligongana uso kwa uso kwenye reli ya njia moja kwa sababu ya ujumbe wa simu ya maandishi uliotumwa wakati haukupaswa kutumwa. Miaka minne baadaye Edward Tyer alileta mashine ya kutoa kipande cha chuma kwa dereva wa treni. Bila kipande hicho mkononi, dereva haingii. Kikishatolewa, mashine ya kituo hiki na ya kituo cha pili zinajifunga, na hakuna kipande cha pili kinachoweza kutoka mpaka cha kwanza kirudishwe. Msimamizi anaweza kusahau, kulala, hata kuzimia. Njia haifunguki.

Njia ya ndege haina kipande cha chuma. Ina kauli redioni. Waongoza ndege wenyewe, kwa kuujua udhaifu huo, wamebuni mbinu za kujikumbusha: ukanda mwekundu wa plastiki unaowekwa kwenye ubao mahali pale ambapo ukanda wa ndege inayotua ungekaa, kibao kinachofunika kipimo cha upepo ili mtu asiweze kutoa ruhusa ya kutua bila kwanza kukiondoa, na siku hizi skrini inayokataa kukubali ruhusa ya pili. Mbinu hizi zimeokoa maisha na ningependa kuziona kwenye kila mnara. Zile za mkono, hata hivyo, zina tundu lilelile la Omsk. Lazima mtu akumbuke kuziweka. Tarehe 20 Desemba 1983, huko Sioux Falls, Marekani, ndege ya DC-9 ya kampuni ya Ozark ilitua wakati gari la kufagia theluji lilikuwa bado njiani, na mnara ulijua kwamba lipo. Bawa la kulia liling'oka na dereva wa gari akafa.

Kuna viwanja visivyo na mnara kabisa, na huko kumbukumbu inabadilishwa na makadirio. Tarehe 11 Februari 1978 ndege ya Boeing 737 ya Pacific Western ilikuwa ikielekea Cranbrook, mji mdogo wa milimani katika jimbo la British Columbia, Kanada. Waongoza ndege wa Calgary walikadiria kwamba itafika saa saba na dakika tano mchana. Makadirio hayo yalipelekwa kwa mhudumu wa redio wa Cranbrook, naye akampa dereva wa gari la kuzoa theluji. Dereva akapanga kazi yake kwa saa hiyo. Ndege ikafika dakika kumi mapema. Marubani hawakuwa wametoa taarifa ya redio walipopita kituo cha mwisho cha kuongozea, na theluji iliyokuwa ikidondoka ilimficha kila mmoja asimwone mwenzake.

Magurudumu yaligusa lami, marubani wakafungua vifaa vya kugeuza msukumo wa injini ili kupunguza kasi, ndipo wakaliona gari mbele. Wakaamua kupaa tena. Ndege ilinyanyuka na kulipita gari, lakini kifaa cha injini ya kushoto hakikuwa kimejifunga sawasawa, na kikafunguka ndege ikiwa hewani. Ndege ikalala upande mmoja na kuanguka. Zaidi ya watu 40 kati ya 49 walikufa. Dereva wa gari la theluji hakuguswa. Rubani anayefundishwa leo huambiwa wazi kwamba akishafungua vifaa hivyo amekwisha kuchagua kusimama, hata akiona nini mbele yake, na sehemu kubwa ya msisitizo huo imetoka Cranbrook.

Ajali hii naiona iko karibu nasi kuliko umbali wa Kanada unavyoonyesha. Kwenye viwanja vidogo vya Serengeti na Maasai Mara hakuna theluji, lakini kuna nyumbu, pundamilia na swala, na ni magari ya kambi za utalii yanayopita kwenye njia kuwafukuza kabla ndege haijatua. Dereva anategemea saa aliyotajiwa. Upepo wa mgongoni ukiisukuma ndege, au rubani akiruka kituo kimoja kwa sababu hakuna abiria wa kumchukua, saa hiyo inageuka uongo bila mtu yeyote kusema uongo. Dawa yake ni rahisi na bei yake ni ndogo: redio ya mkononi ya masafa ya anga ndani ya gari, dereva aliyefundishwa kusikiliza na kusema maneno machache yanayotakiwa, na rubani anayetangaza mahali alipo kwa dakika, hata kama anadhani hakuna anayemsikia.

Ajali ya jiji la Mexico nitaipitia haraka, maana inaonyesha upande mwingine wa suala hili. Alfajiri ya tarehe 31 Oktoba 1979, katika ukungu, DC-10 ya Western Airlines ilitua kwenye njia iliyokuwa imefungwa kwa matengenezo badala ya ile iliyo sambamba nayo. Ikagonga lori la ujenzi na baadaye jengo. Watu 73 walikufa, akiwemo dereva wa lori. Vifaa vya kuongozea ndege kwenye ukungu vilikuwa kwenye njia ile iliyofungwa. Marubani walitakiwa waifuate kisha wahamie ya pembeni mwishoni kabisa, kwa macho. Hapo gari lilikuwa na haki zote za kuwa lilipokuwa, na ndege ndiyo iliyokosea mlango. Lakini mlango wenyewe ulikuwa umeachwa na taa ya kukaribisha.

Sasa twende Lima, kwa sababu Lima inakataa kuachwa kwenye historia. Tarehe 18 Novemba 2022, ndege ya Airbus A320neo ya LATAM Perú yenye abiria 102 na wafanyakazi sita ilikuwa ikikimbia kuruka kwenda Juliaca. Haikuwa inatua, lakini kwa mtu aliye kwenye gari hakuna tofauti. Mbele yake likaingia gari kubwa la zimamoto. Hakukuwa na moto popote. Lilikuwa zoezi la kupima muda wa kufika. ICAO inataka zimamoto waweze kufika popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika tatu, na kiwango hicho kinapimwa kwa saa, magari yakiwa kasini. Wazimamoto wawili walikufa siku hiyo, wa tatu alifariki miezi kadhaa baadaye. Ndege iliteleza ikiwaka moto upande wa kulia, lakini kila aliyekuwa ndani alitoka hai.

Zoezi lilikuwa limepangwa na kukubaliwa mapema kati ya kampuni inayoendesha uwanja na shirika la serikali linaloongoza ndege. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Makubaliano ya kufanya zoezi ni jambo moja, na ruhusa ya kuingia kwenye njia, redioni, dakika hii, ni jambo la pili. Mtu aliyekubaliwa kwa maandishi, akapewa tarehe na saa, akafanya kikao cha maandalizi, huingia garini akijiona ameshapewa kila kitu. Mtu wa mnarani aliyeiona karatasi ileile anaweza kuamini kwamba magari hayatasogea mpaka yaombe. Wote wawili wana sababu, na kati ya sababu hizo mbili kuna mita 45 za lami. Baada ya ajali, taasisi zote mbili zilivutana hadharani kuhusu nani alimruhusu nani. Wakati huohuo polisi waliwashikilia marubani, watu pekee katika mkasa huo waliokuwa na kibali kisichobishaniwa na mtu yeyote.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Novemba 2017, miaka mitano kabla ya siku hiyo, ICAO ilifanya mkutano wake wa pili wa dunia kuhusu usalama wa njia za kurukia, na humo ukatolewa mpango wa dunia wa kuzuia ajali za aina hii. Mkutano ulifanyika Lima. Maarifa yalikuwa yamefika mjini kabla ya ajali. Hayakushuka mpaka kwenye usukani wa gari la zimamoto.

Wenzetu wa Ulaya wana kanuni wanayoifupisha kwa moja tatu: njia moja, masafa moja, lugha moja. Kila aliye kwenye njia ya kurukia, awe rubani au dereva wa pikapu, asikilize masafa yaleyale na aseme lugha ileile, ili gari likiruhusiwa rubani anayekuja asikie, na ndege ikiruhusiwa dereva aliye njiani asikie. Kanuni hiyo inalifanya kila sikio kuwa mlinzi. Faida yake ilionekana kwa kukosekana kwake usiku wa tarehe 25 Mei 2000 kwenye uwanja wa Charles de Gaulle, Paris. Ndege ya MD-83 ya Air Liberté iliruhusiwa kuruka kwa Kifaransa. Ndege ndogo ya mizigo aina ya Shorts, yenye marubani Waingereza, iliruhusiwa kwa Kiingereza kuingia njia ileile kupitia kiungio cha katikati. Bawa la ya kwanza lilikata chumba cha marubani cha ya pili na kumuua mmoja wao. Marubani wa ndege ndogo wangeelewa maneno aliyoambiwa mwenzao, wangekuwa na sekunde kadhaa za kushtuka.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Katika nchi ambayo dereva wa ukaguzi na mwongoza ndege wote wamelelewa kwa Kiswahili, ni jambo la kawaida kabisa ulimi kuteleza kwenda kwenye lugha ya nyumbani, hasa usiku wa manane watu wakiwa wanajuana kwa majina. Naipenda lugha hii na ninaiandikia. Lakini kwenye masafa ya mnara, sentensi ya Kiswahili kati ya mnara na gari inamfungia nje rubani wa Ethiopia, wa Uturuki au wa Qatar ambaye yuko kilomita nane kutoka kwenye lami na anahitaji kujua kwamba kuna gari. Na gari likiwekwa kwenye masafa yake ya pembeni, kama viwanja vingi duniani vinavyofanya kwa hoja ya kupunguza msongamano wa mazungumzo, sikio la rubani linafungwa hata kama lugha ni moja. Mimi nasimama na wanaosema: kwenye barabara za viungio na maegesho tumieni masafa mnayotaka, gari likigusa njia ya kurukia, liwe kwenye masafa ya ndege.

Teknolojia ipo, na baadhi yake ni nzuri sana. Kuna mstari wa taa nyekundu zilizozikwa kwenye lami mbele ya njia ya kurukia, ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzivuka zikiwaka, hata akiwa na ruhusa ya mdomo; mnara lazima uzizime kwanza. Hicho ndicho kitu kilicho karibu zaidi na kipande cha chuma cha Tyer, na kama uwanja una fedha za kununua kifaa kimoja tu, ningeshauri ununue hicho. Marekani ina viwanja takriban 20 vyenye taa nyekundu zinazowaka zenyewe njiani, bila kumngoja mwongoza ndege, rada inapotambua kwamba njia inatumika. Viwanja vikubwa zaidi vina mitambo inayochanganya rada ya ardhini na mawimbi ya vyombo vyenyewe, na kupiga king'ora mnarani vyombo viwili vinapoelekea kukutana.

Mitambo hii inaiona ndege vizuri kwa sababu ndege ina transponda, kifaa kinachojitambulisha chenyewe kila sekunde. Gari lisilo na kifaa hicho ni nukta ya rada isiyo na jina, ambayo huweza kuchanganyika na nukta ya gari la pembeni au kuchujwa na kompyuta ikidhaniwa ni takataka. Mwaka 2024 mamlaka ya anga ya Marekani ilianza kufunga mfumo wa bei nafuu kwa ajili ya viwanja visivyo na rada ya ardhini, Austin na Nashville vikiwa miongoni mwa vya mwanzo. Mfumo huo huonyesha vyombo vinavyojitangaza. Asiyekuwapo na lake halipo: lori la kukata majani ambalo halijafungwa kifaa halimo kwenye picha, na mwongoza ndege anayeizoea skrini ataamini picha kuliko dirisha. Kwa hiyo kununua skrini bila kufunga vifaa kwenye kila gari linaloruhusiwa kuingia njiani, pamoja na yale ya wakandarasi, ni kununua nusu ya kinga na kulala usingizi wa kinga nzima.

Anayedhani mambo haya ni ya zamani au ya nchi maskini na atazame Luxembourg, tarehe 21 Januari 2010. Katika ukungu, Boeing 747 ya mizigo ya Cargolux ilitua kwenye uwanja wa Findel wakati gari la mafundi waliokuwa wakishughulikia taa za njia lilikuwa bado juu ya njia hiyo. Tairi la ndege lilipiga paa la gari. Hakuna aliyekufa. Ukiangalia urefu wa gari na mahali magurudumu yalipopita, utakubali kwamba kilichowaokoa hakikuandikwa kwenye kitabu chochote cha taratibu.

Narudi kwenye suala la adhabu, kwa sababu baada ya kila ajali ndilo linalotangulia. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba takriban moja ya tano ya matukio ya chombo kuingia kwenye njia isivyopasa huhusu magari na watu waendao kwa miguu. Takwimu hizo zipo kwa sababu madereva, marubani na waongoza ndege wanaripoti, yakiwemo matukio ambayo hayakumgusa mtu. Dereva aliyevuka alama kwa mita tano, akashtuka, akarudi nyuma, ana habari yenye thamani kuliko ripoti ya kurasa mia mbili itakayoandikwa baada ya vifo. Anajua kwamba rangi ya alama imefifia, kwamba kona ile ina giza, kwamba redio ya gari namba fulani inakwaruza. Akijua kwamba kusema ni kufukuzwa kazi, hatasema, na kona itabaki na giza. Simtetei anayeingia amelewa au anayepuuza kwa makusudi. Huyo ana sheria yake. Namtetea aliyesahau, kwa sababu kusahau hakuzuiliki kwa hofu.

Kwa hiyo ninapoutazama uwanja wenye njia moja, naomba kuonyeshwa mambo machache yanayoshikika. Orodha ya magari yanayoruhusiwa kuingia njiani, na lipi lina kifaa cha kujitambulisha na lipi halina. Kinachotokea mnarani gari likiwa ndani: ni kitu gani kinachomzuia mwongoza ndege kwa mkono wake asitoe ruhusa ya kutua. Masafa anayosikiliza dereva. Saa za zamu ya usiku na mapumziko yake. Kitabu cha matukio yaliyoripotiwa mwaka uliopita. Kikiwa kitupu, hapo nitakaa muda mrefu zaidi. Na mwisho, dereva mwenyewe aulizwe, mabosi wake wakiwa nje ya chumba: akiwa katikati ya njia, akasikia redioni ndege ikiruhusiwa kutua juu yake, je, amefundishwa kubonyeza kitufe na kusema hapohapo kwamba yupo, bila kungoja aitwe?